Godoro Limeondoka, Deni Limebaki

Nkt! Alfajiri kijana amepakia godoro, meko na spika kwenye bodaboda, huyoo, ameshika njia ya Kitale. Saa mbili keateka ametundika kufuli lake juu ya kufuli la binti aliyekuwa akiishi naye. Kodi ya miezi mitatu haijalipwa, 2,500 kila mwezi, jumla 7,500. Na kreti ya nyanya ambayo binti angeuza leo soko la Chwele imefungiwa ndani.

Hapa steji wengi wakasema, "Aliyebaki na nyumba abaki na deni." Nikasonya. Miezi hiyo walilala wote, taa iliwakia wote. Jina moja kwenye risiti linamwonyesha mwenye ploti nani wa kupigia simu tu, halimfutii mwenzake deni. Mimi nasema hesabu ikatwe siku ile mtu alipotoka. Ya nyuma ni nusu kwa nusu, 3,750 kila mmoja. Ya mbele ni ya anayekaa.

Mzee mmoja akadakia: "Hao hawakuoana. Mahari haikufika, hata ng'ombe mmoja." Ni kweli, mzee wetu. Sheria ya Mali ya Wanandoa ya 2013 inataka madeni yaliyoingiwa kwa faida ya ndoa yagawanywe sawa, na hawa hawana ndoa. Lakini tarehe 27 Januari 2023 Mahakama ya Juu iliamua kesi ya wawili waliokaa pamoja miaka mingi. Ikasema hawakuwa mke na mume, ila jasho la kila mmoja kwenye mali yao ya Dagoretti likapimwa: mmoja 70 kwa mia, mwenzake 30. Sasa kama jasho linapimwa bila cheti, kwa nini deni lisipimwe?

Na hilo kufuli, aka! Nyumba ya kodi isiyozidi 2,500 inalindwa na Sura ya 296 ya sheria za Kenya. Mpangaji hatolewi bila amri. Mwenye ploti akitaka kukamata vyombo kwa ajili ya kodi, Sura ya 293 ipo, na kazi hiyo ni ya dalali mwenye leseni. Keateka si dalali. Nyanya zikioza humo, kodi italipwa na nini?

Kijana amepigiwa simu, anasema dipositi alitoa yeye, 2,500. Wengine wakamzomea, mimi nikawanyamazisha, maana hilo ni haki yake. Binti anabaki na chumba, kwa hiyo anabaki na dipositi, na hizo 2,500 za kijana zikatwe kwenye nusu yake. 3,750 toa 2,500, inabaki 1,250. Hiyo aitume leo kwa M-Pesa moja kwa moja kwa mwenye ploti, asizungushe. Binti aandikiane na mwenye ploti jinsi atakavyolipa hizo 6,250 zingine, yaani nusu yake na ile dipositi anayobaki nayo, kidogo kidogo, tarehe ziwekwe, wote watie sahihi. Na mlango ufunguliwe sasa hivi, kabla soko halijajaa.