Barua ya Wazi kwa Mheshimiwa Kikokotoo cha Mafao ya Kustaafu

K.K. Mwalimu Mkuu

YAH: OMBI LA KUJULISHWA TAREHE YA HIARI YANGU

Mheshimiwa,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mwalimu wa Hisabati wa shule ya msingi, miaka 30 na ushee kazini. Sheria inaniruhusu kustaafu kwa hiari nikifika miaka 55, na kwa lazima nikifika 60. Hapo katikati nimepewa miaka mitano ya kuamua, na kuamua kumenishinda. Kila nikishika kalamu, wewe unashika kifutio.

Barua yangu ya kustaafu imo kabatini, ndani ya bahasha ya kaki, chini ya maandalio ya somo. Yote nimeiandika kwa wino isipokuwa tarehe. Tarehe nimeiandika kwa penseli, na karatasi imeshaanza kutoboka pale kwa kufutwafutwa.

Mwaka 2018, mifuko ya pensheni ilipounganishwa, ulitujia na mkupuo wa asilimia 25 ya mafao badala ya nusu. Nchi ikapiga kelele. Desemba ile Rais Magufuli akakupa likizo, akasema kanuni za zamani ziendelee hadi 2023. Nikashusha pumzi: miaka 55 naitimiza 2022, nitawahi. Kumbe wewe likizo huimalizi! Tarehe 1 Julai 2022 ulisharipoti kituoni na asilimia 33 mkononi. Mimi nikatimiza 55 tarehe 9 Julai.

Siku tisa, Mheshimiwa. Nilifunga safari hadi kijijini kumwuliza mama kama asingeweza kunizaa Juni. Akaacha kupepeta mchele, akanitazama.

"Baba, mkunga alikuwepo tangu mwisho wa Juni. Wewe ndiye ulikuwa hutaki kutoka."

Jioni moja watoto walipoondoka nilikupigia hesabu ubaoni. Nikachukua miezi 360 ya utumishi na wastani wa mshahara wa Sh 1,200,000 kwa mwezi. Kwa kanuni ya zamani kigawanyo ni 540, kizidisho 15.5, na mkupuo ni nusu: Sh 74,400,000. Kwa yako ya 2022 kigawanyo ni 580, kizidisho 12.5, mkupuo asilimia 33: kama Sh 36,870,000 hivi. Nikafuta, nikarudia, jibu likawa lilelile. Zaidi ya milioni nne kwa kila siku niliyochelewa kuzaliwa. Sijawahi kuwa na siku za gharama namna hiyo, hata wiki ya harusi yangu.

Nikutendee haki: pensheni ya mwezi uliipandisha, kutoka Sh 400,000 hadi karibu 499,000. Na mwenzangu aliyezaliwa Mei, aliyewahi kutoka na nusu yake kabla mlango haujafungwa, alinunua Noah. Leo Noah hiyo imekaa juu ya matofali, kuku wanatagia kiti cha nyuma. Ukisema unatulinda na mikono yetu wenyewe, hapo nanyamaza. Ila mimi sikuwa na mpango wa Noah. Nina nyumba iliyoishia kwenye lenta, nondo zinaota kutu, na fundi wa kupaua hajakubali kulipwa kidogokidogo mpaka nife.

Basi nikasubiri. Bajeti ya 2024/25 ikaja, 33 ikawa 40. Mkupuo wangu wa ubaoni ukapanda hadi kama Sh 44,690,000, pensheni ya mwezi ikateremka kwenye 447,000. Hapo ndipo uliponiharibu kabisa. Mtu akishalipwa kwa kusubiri, nani atamwambia aache? Nikiondoka Ijumaa, je, ukipanda Jumatatu? Nikibaki, je, ukiteremka? Ukienda kuuliza unaambiwa kustaafu mapema ni uamuzi binafsi wa mtumishi. Nami nimeanza kuuona ubinafsi huo, ila sijajua ni wa nani.

Tarehe 9 Julai 2027 natimiza miaka 60 na hiari yangu inakwisha muda wake, bado haijatumika, imo kwenye bahasha. Naomba unitajie tarehe kabla ya hapo. Ikiwa hata wewe hujaamua, naomba basi kifutio kingine. Changu kimekwisha.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mwalimu wa Hisabati, Darasa la Sita

Nakala: Mama mzazi, kwa taarifa.