Anatafutwa Mwenza, Asiogope Dinosaria Wala Zamu Yake

Watu hudhani kazi ngumu katika hadithi ya kuandikiana zamu kwa zamu ni kubuni dunia. Wapi! Dunia unaibuni mwenyewe usiku mmoja, umejilaza, umeme umekatika na simu ina asilimia 20: kiama kimepita, bahari imemeza Posta na Kariakoo, serikali haipo, bando halipo, na katika magofu ya Lindi wanapita dinosaria wanaochungulia madirisha ya ghorofa ya nne bila kujinyoosha. Kazi ngumu ni kumpata binadamu wa pili atakayekubali kuingia humo na mhusika wake, akaandika aya zake, akakuachia nawe uandike zako, na kesho akarudi. Hasa hiyo kesho.

Mwenza wa namna hii hutafutwa kama mchumba, kwa upelelezi na kwa adabu. Usimrushie mtu mgeni maneno 3,000 ya historia ya falme saba pamoja na ramani uliyoichora nyuma ya risiti. Salimia kwanza. Uliza hali ya nyumbani. Siku ya tatu, katikati ya mazungumzo ya bei ya mafuta, chomekea: "Hivi kaka, ukiamka ukakuta dunia imekwisha na nje kuna dinosaria, utafanya nini?"

Akijibu "nitarudi kulala", mwache alale. Akijibu "nitakimbia", subiri kidogo uone kama ataongeza anakimbilia wapi. Lakini akiuliza "huyo dinosaria ni wa nani?", mshike huyo usimwachie. Ameshawaza mfugaji, ameshawaza ugomvi wa mipaka na fidia ya shamba la muhogo lililokanyagwa, na wewe bado hujamwambia hata jina la mji.

Wagombea wengine watajileta wenyewe. Yuko mcha Mungu atakayekukatiza kwamba baada ya kiama kuna hesabu, hakuna vitongoji. Usibishane naye, kwa sababu ana haki. Mwambie hiki si kile chenyewe, ni janga kubwa tu, kisha mwombe awe mzee wa kijiji ambaye kazi yake ni kuwaeleza manusura kwamba hiki si kile chenyewe. Atakuandikia kurasa kumi bila kunywa maji. Yuko malenga, anayejibu kila zamu kwa mishororo ya mizani 16, vina vya kati na vya mwisho vimekaa sawasawa. Kazi yake utaipenda, ila dinosaria akifungua kinywa mwezi wa Rajabu atakifunga Shaabani. Na yuko mtoto wa dada yako, darasa la tatu, anayejua majina ya dinosaria wengi kuliko majina ya shangazi zake. Huyu ndiye bora kwa kila kipimo. Tatizo lake ni kwamba saa mbili usiku mama yake anamnyang'anya simu, na wewe unabaki peke yako juu ya mti na mnyama chini.

Mgombea wa hatari kuliko wote ni yule aliyelelewa na kibanda cha video. Katika elimu yote aliyoipata pale kwenye benchi, limemkaa moja: steringi hafi. Umtegee utakavyo. Mwandikie aya tatu nzima: jua linatua, daraja la Mto Lukuledi limekatika, dinosaria wanne aina ya Elaphrosaurus wamezunguka mkokoteni wa chumvi, mhusika wako ameteguka mguu, wake ana panga moja lenye kutu. Dakika haijaisha, jibu limeingia:

"Nikaruka juu nikawakata vichwa wote wanne kwa mpigo. Nikakubeba begani tukafika Lindi. Malkia akanipenda."

Angalia alichokifanya. Ameua wanyama uliowalea tangu sura ya kwanza. Amekubeba bila kukuuliza kama unabebeka. Amemaliza safari, na safari ndiyo ilikuwa hadithi. Amemleta malkia ambaye hakuna aliyemwalika. Sasa zamu ni yako, na kilichobaki cha kuandika ni harusi.

Dawa yake ni sharti moja, nalo litamkwe kabla ya neno la kwanza la hadithi: kila mtu anaandika anachojaribu kufanya mhusika wake, na matokeo anayaandika mwenzake. Wewe rusha panga lako. Kama limetua shingoni au limekwama kwenye mkorosho, nitakuambia mimi. Steringi wa kweli akilisikia sharti hili atasema hadithi yenyewe haina mvuto, ataaga kwa heshima, nawe utakuwa umeokoa wiki nzima.

Sasa tazama mtego uleule ulivyojibiwa na mtu anayefaa:

"Nilimuuliza kama chumvi imelowa. Akasema nusu. Basi nikawamwagia ile iliyolowa, maana niliwahi kumwona mmoja wao akilamba ukuta wa ghala kule Mchinga, nikamshika mkono tukaanza kurudi nyuma polepole. Panga sikulichomoa. Mpini umelegea, na sikutaka wajue."

Hajaua mtu. Hajafika popote. Ila amekupa ghala, ukuta unaolambwa, mpini mbovu na mnyama mwenye hamu ya chumvi, na mlango ameuacha wazi uingie. Mtu huyu hata awe na kazi ya lindo la usiku na watoto mapacha, mpigie magoti.

Mkishakubaliana, yanakuja mazungumzo ya wanyama wenyewe, na hapa jiandae kwa Tyrannosaurus rex. Kila mtu anakuja naye. Filamu ya Jurassic Park ya mwaka 1993 imetukaa kichwani, na ndani ya filamu ile kuna Velociraptor mrefu kama askari jeshi, wakati yule wa kweli, aliyeishi Mongolia, alikuwa na kimo cha bata mzinga, na tangu mwaka 2007 tunajua mfupa wake wa mkono una vinundu vya kushikilia manyoya. T. rex naye aliishi magharibi ya Amerika Kaskazini, miaka milioni 68 hadi 66 iliyopita. Dinosaria waliochimbwa kwetu Lindi ni wa miaka milioni 150 hivi. Kutoka kwao hadi kwa T. rex ni zaidi ya miaka milioni 80, muda mrefu kuliko kutoka kwa T. rex hadi kwako na simu yako. Hii ni hadithi ya kubuni, kwa hiyo mkatalie kwa upole: aje naye, lakini aeleze amevuka Atlantiki kwa meli ya nani.

Binafsi naona ni aibu mtu wa ukanda huu kuagiza dinosaria kutoka nje. Kilima cha Tendaguru kiko kilomita 60 hivi kutoka mji wa Lindi, na kukizunguka walifukuliwa wanyama wa kutosha hadithi ishirini. Kuna Kentrosaurus, mwenye urefu wa mita nne na nusu hivi, vibamba shingoni na miiba mirefu kuanzia katikati ya mgongo hadi mkiani. Mwenza mmoja mwenye akili ya biashara alitaka kumfanya bodaboda. Nilimwuliza abiria anakaa wapi. Alifikiri sana, akasema abiria atakaa shingoni na dereva atatembea kwa miguu. Tukamchukua Elaphrosaurus badala yake, mwembamba, mwenye miguu ya mbio, japo nauli ilipanda. Kwa wanaopendelea Nyanda za Juu, Songwe na bonde la Rukwa kumetoka dinosaria pia: Rukwatitan mwaka 2014, Shingopana mwaka 2017, na mwaka 2019 Mnyamawamtuka moyowamkia, ambaye mfupa wake mmoja wa mkia una umbo la moyo. Mwandishi wa mapenzi asiyejua la kufanya na taarifa hiyo abadilishe fani.

Halafu kuna yule mkubwa. Giraffatitan brancai amesimama katika jumba la makumbusho ya elimu ya viumbe mjini Berlin, kimo chake mita 13.27. Mifupa yake ilichimbwa Tendaguru kati ya 1909 na 1913, katika shehena ya zaidi ya tani 200 iliyobebwa vichwani na mabegani hadi bandarini Lindi, ikapakiwa melini. Alisimamishwa mwaka 1937, akapangwa upya mwaka 2007 kwa mkao ulio sahihi zaidi. Mpe mwenza wako pendekezo hili usikie pumzi yake: kiama kimefuta mipaka, hakuna viza tena, na Giraffatitan anarudi nyumbani kwa miguu. Anatembea mifupa mitupu, au ameota nyama njiani? Alps anazipita wapi? Na kwa kuwa kiunzi kile kimeunganishwa kutoka kwa mnyama zaidi ya mmoja, je, wote humo ndani wanakubaliana juu ya njia? Miguu ya nyuma ikitaka kupitia Misri na shingo ikang'ang'ania Yemen, mna sura nne hapo bila hata kumwongeza adui.

Kiongozi wa msafara msihangaike kumbuni mtaalamu mwenye kofia pana. Machimbo ya Tendaguru yalikuwa na msimamizi aliyeitwa Boheti bin Amrani, bingwa wa kuichomoa mifupa ardhini bila kuivunja, na mwaka 2007 dinosaria mmoja wa kule alipewa jina la Australodocus bohetii kwa heshima yake. Mtu wa namna hiyo akiwatangulia, hata hao Elaphrosaurus watajipanga foleni.

Niuweke mzaha pembeni kidogo. Mifupa ile iliripotiwa mwaka 1906 na mhandisi wa madini, Bernhard Sattler, wakati Vita vya Maji Maji vikiendelea. Kukomesha vita, jeshi la Wajerumani lilichoma mashamba na maghala ya chakula ya kusini, na njaa ikaua watu wengi kuliko risasi. Uchimbaji ulianza miaka miwili tu baada ya vita kwisha, 1909. Waliochimba na kubeba walikuwa watu wa nchi ambayo dunia yake ilikuwa imekwisha jana, wakapokea ujira wa kutoa ardhini mnyama ambaye dunia yake ilikwisha kabla hawajakuwapo watu. Mwenza akikuambia kwamba hadithi za baada ya kiama haziwezekani bila jangwa, koti la ngozi na gari lililofungwa vyuma, mpe hiyo kwanza asome.

Turudi kwenye masharti. Urefu wa zamu usiupime kwa maneno. Sema tu aya mbili kwenda juu, na iwemo angalau kitu kimoja kinachoshikika. Ujumbe wa sauti marufuku. Wapo wanaotuma voisi ya dakika saba, wanaigiza mngurumo kwa mdomo, na nyuma jogoo anawika. Kisayansi ndege ni dinosaria, kwa hiyo jogoo yule ndiye pekee wa kweli katika hadithi nzima, lakini hakuwa kwenye makubaliano. Mwulizane mapema nani anaruhusiwa kufa. Mwulizane pia kama mapenzi yatakuwepo, na mhusika wa shemeji yako aolewe na nani, maana hilo limevunja vikundi vilivyohimili volkano.

Kwa aliyekwama, tunayo sheria ya kale kuliko simu. Kwenye vitendawili asiyejua jibu hutoa mji. Basi asiye na wazo asijikaushe siku tisa. Aseme amekwama, atoe mji, na mwenzake auchukue aendeleze tukio. Mji aliotoa unakuwa wa mwenzake kweli, na ushuru wa soko juu. Nimemwona mtu akipoteza Kilwa, Mikindani na Newala kwa sababu hakujua jinsi ya kumtoa mhusika wake kwenye shimo. Baada ya Newala alijifunza kubeba kamba.

Kuchelewa si kosa. Mwanzoni mwa karne ya 19 Muyaka bin Haji wa Mombasa alirushiana mashairi na washairi wa Lamu miji yao ikielekea vitani, na jibu lilifika pale msafiri alipofika. Wewe umeona tiki mbili za bluu tangu adhuhuri unataka kuzirai. Mpe wiki. Mtu akiwa ameingia mitini kabisa utamjua: anaweka picha za harusi kwenye stetasi, anabishana juu ya Simba na Yanga hadi usiku wa manane, lakini mhusika wake amesimama mlangoni mwa pango wiki ya tano sasa, mkono mmoja juu, sentensi haijakwisha. Mkumbushe mara moja tu, na kwa jina la mhusika: "Bi Somoe bado amekushikia taa." Asipojibu, usimuue mhusika wake kwa hasira. Mpe homa, mlaze kwa mganga, endelea na safari. Watu hurudi, hasa msimu wa mvua na mwisho wa mwezi.

Na mkiachana rasmi, gaweni mali kabla hasira hazijapoa, kwa maana zikishapoa kila mmoja atataka kuwa mwungwana na hakuna kitakachoamuliwa. Wahusika wanakwenda na aliyewabuni. Miji iende kwa mujibu wa vitendawili. Giraffatitan asigawanywe, japo kiunzi chake kinaruhusu. Aendelee na safari yake katika hadithi zote mbili, popote alipofika. Kama kuna yai la Elaphrosaurus ambalo bado liko kwenye majivu, ni la pamoja, na aliyekwepa zamu ya kulilinda asije baadaye kudai kifaranga.