Barua ya Wazi kwa Kiti cha Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar

Mheshimiwa Kiti,

Nakuandikia wewe, si anayekukalia. Wanaokukalia wana wapambe wa kuwajibia. Wewe hujawahi kuulizwa neno.

Ulizaliwa kwa kura. Julai 31, 2010 tuliulizwa kama tunataka serikali ya umoja wa kitaifa, asilimia 66.4 tukasema ndiyo, Katiba ya 1984 ikarekebishwa kwa mara ya kumi, nawe ukaletwa. Tulikuwa na sababu. Uchaguzi wa Rais wa 1995 ulitangazwa asilimia 50.2 kwa 49.8, na baada ya hapo tukafika mahali watu hawazikani, hawaozeshani, na hata duka la kununulia sukari lina chama chake. Kwa hilo la kurudi kuzikana Mungu akulipe, na hapa sitanii.

Kinachonitatiza ni bei yako. Katiba inakutoa kwa chama kilichoshika nafasi ya pili, mradi kimepata asilimia 10. Mwaka 2010 Maalim Seif wa CUF, chama cha upinzani, alipata 49.1, Dk. Shein 50.1 na urais, Maalim akapewa wewe. Mwaka 2020 Maalim yuleyule, chama kingine, akatangaziwa 19.87, akapewa wewe tena, mto uleule, king'ora kilekile. Bei ni kumi, na ukilipa arubaini na tisa chenji hurudishiwi.

Ikapita na ile miaka ya katikati. Tume ya Uchaguzi ikafuta uchaguzi wa Oktoba 2015, CUF ikasusia marudio ya Machi 20, 2016, Dk. Shein akatangaziwa asilimia 91.4, na aliyemfuatia hakufika hata nne. Ukabaki mtupu mpaka Disemba 2020. Natumai kulikuwa na mtu wa kukupangusa vumbi. Katiba inamtaja anayekukalia kuwa mshauri mkuu wa Rais. Basi Rais alikaa muda wote huo bila mshauri wake mkuu, na sisi hatukumsikia akilalamika.

Tuje kwenye kazi. Ofisi yako ilipofunguliwa ilikabidhiwa mazingira, UKIMWI, dawa za kulevya na watu wenye ulemavu. Mambo mazito, sidharau. Ila fedha na ardhi, ambavyo ndivyo hasa tunavyogombania katika visiwa hivi, vilipelekwa mlango mwengine. Shughuli za Serikali kwenye Baraza la Wawakilishi zinaongozwa na Makamu wa Pili, ambaye hutoka chama cha Rais. Polisi ni wa Muungano, kwa hao hata mwenye nyumba hana sauti.

Kwenye barza yetu yuko mzee mmoja ambaye zamani serikali ikikohoa tu, yeye kesha ijibu. Watu wa chama chake walipokukalia akapoa ghafla. Siku maji yamekatika mtaa mzima, madumu yamepangwa foleni mpaka msikitini, tukamgeukia yeye, kwa mazoea. Akakoroga kahawa isiyo na sukari, akasema, "Sisi sasa tumo ndani. Tunashauri."

Muuza kahawa akamjibu bila kuinua macho kwenye dele lake, "Basi mshaurini maji."

Hapo ndipo nilipopata wazo ambalo naliwasilisha kwako kwa unyenyekevu. Kwa kuwa nafasi ya kwanza ina mwenyewe toka enzi na enzi, tusijisumbue nayo. Tufanye uchaguzi wa nafasi ya pili peke yake. Vyama vizunguke Unguja na Pemba na magari ya vipaza sauti: "Tuchagueni tuwe wa pili!" Ilani ziwe fupi, za kurasa mbili, maana ya kuahidi ni machache: tutashauri kwa bidii, tutashauri kwa uwazi, hatutamchosha Rais. Vikosi visishushwe mitaani, kwani nani atampiga mtu bomu la machozi kwa sababu anataka kushauri? Na Tume ipumzike kufuta matokeo, kwa kuwa yoyote yatakayotoka hayatahamisha hata funguo ya kabati la Ikulu.

Nimeliona tatizo moja tu. Atakayeshindwa kwenye uchaguzi huo wa nafasi ya pili naye atasema kaibiwa, atasusia vikao, wageni watakuja kutusuluhisha, tutapiga kura ya maoni, na itabidi atafutiwe kiti.

Wako mtiifu,
Mpiga kura, Mjini Magharibi