Sifa za Mheshimiwa Kiwango Rasmi

Nazi imeshasifiwa, ngamia amesifiwa, hata mbu amepata wa kumtetea kwa kuwachelewesha wakoloni pwani. Aliyesahauliwa ni kiwango rasmi cha kubadilisha fedha: yule bwana anayebandikwa kila asubuhi kwenye kioo cha benki, na ambaye ukiingia ndani kumwulizia unaambiwa hayupo, rudi wiki ijayo. Mimi na yeye tulijuana Lagos mwaka 2022, nilipokuwa nikifanya kazi huko na kulipwa kwa naira. Nina deni la kumsifu.

Tuanze na sura yake, maana ni mzuri kupita kiasi. Agosti ya mwaka ule dola moja ya Marekani ilikuwa naira 420 na kitu kwake yeye. Kwa akina mallam wanaobadilisha noti nje ya hoteli ilikuwa inakaribia 700. Ukizilinganisha bei hizi mbili huna budi kuipenda ya kwanza. Kasoro yake ilikuwa moja tu: dola zilikuwa kwa mallam.

Ni mpenda utulivu. Mwaka 2021 Benki Kuu ya Nigeria ilimkaripia hadharani mwenye tovuti iliyotangaza bei za mtaani. Tovuti ikanyamaza, bei zikaendelea kupanda kimyakimya, kwa adabu. Hana upendeleo pia. Katika orodha ya bidhaa 41 ambazo tangu 2015 waagizaji wake hawakuruhusiwa kupata dola za benki, vijiti vya kuchokolea meno vilikaa safu moja na ndege binafsi.

Lakini fadhila yake kubwa, ambayo kwayo anastahili sanamu pale Seme, mpakani mwa Nigeria na Benin, ni kuunganisha Afrika. Mwaka 1975 viongozi walikutana Lagos hiyohiyo wakatia saini mkataba wa kuanzisha ECOWAS, jumuiya ya kiuchumi ya Afrika Magharibi. Vikafuata itifaki, vikao, maazimio na picha za pamoja, na kwa miaka yote hiyo mwenye fedha wa Victoria Island, Lagos, hakuona sababu ya kwenda Cotonou kule Benin. Kiwango Rasmi akampa sababu katika msimu mmoja.

Alifanyaje? Shirika la ndege la kigeni linauza tiketi kwa naira, kisha linazipeleka benki ili zigeuzwe dola zirudi kwao, kwa sababu mafuta, mishahara na kodi ya ndege havilipwi kwa naira. Benki ikawa haina dola. Naira zikalala kwenye akaunti. Kufikia katikati ya 2022, IATA, chama cha kimataifa cha mashirika ya ndege, kilisema fedha zilizokwama zimefika dola milioni 450. Emirates peke yake ilikuwa ikidai milioni 85. Mvumilivu hula mbivu, lakini wenzetu wa Dubai walipunguza safari za Lagos, kisha wakatangaza kuzisimamisha kuanzia Septemba 1. Benki kuu ikatafuta-tafuta ikatoa milioni 265 kwa mashirika yote. Emirates ikarudi Lagos Septemba, ikaona deni bado linaumuka, ikaondoka tena Oktoba 29. Haikuonekana mpaka Oktoba 1, 2024. Wazee wa mji hawakushangaa: mwaka 2016 Iberia na United walishafungasha kwa sababu hizohizo.

Mashirika yaliyobaki yakaficha nauli za chini, yakawaachia wanaonunua ndani ya Nigeria zile za juu tu. Hapo ndipo umoja wa Afrika ulipozaliwa. Familia nzima zikaanza safari ya kwenda London kwa gari, kupitia Badagry, zikisalimiana na kila kizuizi cha polisi na cha forodha njiani, zikapandia ndege Cotonou au Accra, ambako nauli za chini hazikufichwa. Watu walijifunza bei ya mayai ya Benin. Wengine, naamini, walijifunza na Kifaransa, angalau kile cha kuwaambia maofisa wa mpakani kwamba hela ndogo zimekwisha.

Mimi nilitaka kwenda nyumbani Dar es Salaam kwa likizo. Wakala akanitajia nauli, nikadhani anataja bei ya kiwanja. Akaniinamia, akaninong'oneza kwamba ningekuwa na mtu Accra wa kunikatia, ingeshuka sana. Kiti kilekile! Ndege ileile, wali uleule wa kwenye trei! Nilikuwa nimefanya kazi, nimelipwa, nimekatwa kodi, na bado nilipaswa kutafuta mjomba wa kubuni Ghana ili nikamwone mama yangu. Samahani. Nilikuwa nasifu.

Basi nimsifu kwa lililobaki: ukarimu. Kusema Kiwango Rasmi hakuwa na dola ni kumsingizia. Alikuwa nazo, ila alikuwa akiwapa rafiki zake. Mwenye kujulikana alizichukua kwa bei ya kwenye kioo na kuziuza kwa bei ya mallam. Muhammadu Sanusi wa Pili, aliyewahi kuwa gavana wa benki kuu hiyo na wakati ule akiwa Emir wa Kano, alisema wazi mwaka 2016 kwamba kwa mfumo wa namna hii mtu mwenye simu anaweza kutajirika bila kuinuka kitini. Waliokulia Tanzania ya mwanzoni mwa miaka ya 1980 hawahitaji kufundishwa hili: duka la serikali lilikuwa na bei, sabuni ilikuwa kwa mlanguzi. Wakubwa walituambia kiwango kinalindwa kwa ajili ya mnyonge. Mnyonge gani aliyewahi kuuziwa dola kwa 420?

Juni 2023 gavana wa benki kuu wa wakati huo alisimamishwa kazi, madirisha ya kubadilishia fedha yakaunganishwa, naira ikaachwa ianguke hadi ilipokuwa imeshaanguka siku nyingi mtaani. Deni la mashirika ya ndege lilikuwa limefika karibu dola milioni 850. IATA ikasema kwamba kufikia Aprili 2024 asilimia 98 ilikuwa imelipwa, ikashukuru. Mashirika yamepata chao. Wenye simu walishapata chao mapema. Abiria tuliolipishwa tofauti ile, kila tiketi, hatumo kwenye hesabu ya mtu yeyote.