Mpangaji Asiyeulizwa Kodi

Luofu, katika chefferie (eneo la utawala wa kimila) ya Batangi kusini mwa Lubero, mashariki mwa Kongo, nyumba iliyoachwa haikosi mtu. Mwenyewe akishafunga mlango na kushika njia ya Kayna au Butembo, godoro kichwani, anaingia mpangaji ambaye hakuna anayethubutu kumuuliza kodi, kwa kuwa ana bunduki. Huyo huanza na mlango: mbao kavu huivisha maharagwe upesi kuliko kuni mbichi. Kisha fremu za madirisha. Bati huondoka mwisho, kwa vile ndilo lenye bei.

Aprili 2009 waasi wa FDLR hawakungoja wenyewe watoke. Walichoma nyumba za Luofu usiku na watoto wakafia ndani. Hapo kijembe hakina pa kuingia.

Juni 2024 waasi wa M23 waliuteka mji wa Kanyabayonga, jirani tu, na magodoro yakarudi vichwani.

Je, sheria ya ardhi inasemaje? Ile ya tarehe 20 Julai 1973 inasema ardhi yote ya Kongo ni ya Serikali, haiuzwi kamwe. Raia hupewa haki ya kuitumia, tena kwa sharti la kuiendeleza. Basi ukihesabu miaka, mwenye kiwanja aliyeitelekeza mali yake Luofu kuliko wote anakaa Kinshasa, na hajulikani kukimbia na godoro lolote.

Mijini watu huandika ukutani kwa rangi kubwa kwamba parcelle, yaani kiwanja, haiuzwi, ili kuwafukuza matapeli. Luofu rangi hiyo ingeharibika bure: ukuta wa mbao nao huenda jikoni.