Karibu Uganda, Mwalimu

Fedheha hii haijapoa: mwalimu wa Kiswahili yuko kitandani mwake Busia, upande wa Kenya, neti imeshushwa, somo la ngeli ya U-ZI alilolipalilia wiki nzima limeiva, anabonyeza "chapisha", na simu inamjibu: Karibu Uganda. Hajavuka lango. Hata viatu hajavaa. Bando alilonunua limebaki Kenya, naye, kwa mujibu wa simu yake mwenyewe, ni mtalii. Walimu wanaoandika mtandaoni kutoka Busia na Malaba wanaujua ujumbe huo, na wengi huusonyea. Mimi nashikilia kwamba simu ile ndiyo mshauri wa kazi pekee anayewaambia ukweli.

Tuitendee haki kwanza, maana namna inavyopotea ni ajabu ya kutazamwa. Ndani ya laini mna namba ndefu ambayo mwenye simu haonyeshwi, si ile anayowapa watu, na tarakimu zake tatu za mwanzo ndizo uraia: 639 ni Kenya, 641 ni Uganda. Minara nayo hujitangaza kwa tarakimu zake usiku na mchana, kama makanga wa steji. Simu humtafuta makanga wa kwao kwanza; sauti yake ikizama nyuma ya ukuta, humfuata yeyote anayesikika. Ikishanata ng'ambo haina haraka ya kurudi, kama mtoto aliyeonja pilau ya jirani, mara nyingi hadi mwenyewe aingie kwenye mipangilio aivute nyumbani kwa mkono. Mpango wa mtandao mmoja wa 2014 ulishusha bei ya kupigiana simu kati ya Kenya, Uganda na Rwanda, lakini mawimbi yenyewe hayakuambiwa mpaka uko wapi. Wala simu haijakosea sana. Hadi 1902 eneo hili lote lilikuwa ndani ya Mkoa wa Mashariki wa Uganda, Waingereza walipolihamishia upande wa pili kwa kalamu. Huenda habari hizo hazijaifikia.

Wa kwanza kunipinga atakuwa yule anayeamini kwamba fursa ya mwalimu anayeandika ni matangazo, na matangazo hayana mpaka. Haya, tuhesabu. Google hulipa mapato ya matangazo yakifika dola 100. Lakini yakigusa dola 10 tu, hutaka kuthibitisha anwani ya mwandishi, na uthibitisho wenyewe ni PIN iliyochapwa kwenye karatasi, ikatumwa kwa posta. Karatasi! Somo lililofika Muscat kabla mwandishi hajapiga chafya sasa linasubiri kadi ipande ndege, ishuke, ipangwe, ipakiwe, ije hadi Busia 50400 na kutumbukia kwenye sanduku. Na sanduku la mwalimu, mara nyingi, ni la shule. Ufunguo wa sanduku la shule una ulinzi kuliko mtihani wa taifa. Barua hutolewa mwalimu mkuu akikumbuka, ikiwa katikati ya risiti za mahindi ya chakula cha mchana. PIN isipoingizwa ndani ya miezi 4, matangazo husimamishwa. Ikiingia, Sheria ya Fedha ya 2023 inangoja asilimia 5 yake kwenye mapato ya maudhui ya kidijitali. Sisemi hakuna anayelipwa. Nasema mwalimu wa ngeli hatajengea nyumba pesa hizo.

Geuza uso basi upande inakoelekeza simu. Uganda ilikitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili katika marekebisho ya katiba ya 2005, kisha ikalala nalo jambo hilo miaka kumi na saba. Julai 2022 baraza la mawaziri likapitisha kwamba lugha hiyo iwe somo la lazima shule za msingi na za upili. Agizo la namna hiyo haliji na walimu ndani ya bahasha. Linahitaji maazimio ya kazi, mazoezi, vitabu, na mtu wa kuwafunza wanaofundisha. Mwenye shule kule Tororo hana haja ya kuamini cheti cha mtu asiyemjua ikiwa masomo yake arobaini yako wazi, anaweza kuyasoma usiku na kumpigia asubuhi. Wallah bin Wallah alitoka ualimu akawa mwandishi wa Kiswahili Mufti kwa njia iyo hiyo, ila yeye ilibidi apite kwa mchapishaji. Bodaboda nazo hazikuzaliwa kwingine: baiskeli za Busia zilijipatia riziki katika nafasi iliyo kati ya vituo viwili vya mpaka.

Nitaambiwa Waganda wengi wanakikumbuka Kiswahili kama lugha ya kambi ya jeshi na ya jambazi mlangoni. Ni kweli, na kumbukumbu hiyo haifutwi na agizo. Lakini mama wa sokoni anayeuza samaki pande zote mbili hakingojei kisamehewe. Kodi ya Uganda ya shilingi 200 kwa siku ya mitandao ya kijamii, 2018? Imefutwa. Intaneti kuzimwa nchi nzima, Januari 2021? Hilo sina jibu lake.

Pingamizi linalonikera ni la nyumbani: kazi ya mwalimu ni darasa, kuandika ni tamaa. Ajabu ni kwamba mwaka 2021 Tume ya Huduma za Walimu ilizindua mafunzo ya kukuza taaluma, moduli 6, kila moja miaka 5, mwalimu ajilipie shilingi 6,000 kwa mwaka. Hiyo ni miaka 30 na shilingi 180,000, ili mtu athibitishwe kuwa amekua siku anayokaribia kustaafu. Aliyejikuza mwenyewe kwa kuandika masomo arobaini yanayofundisha wilaya nzima ya jirani hakulipwa, hakutuzwa hata kwa cheti, na bado ataulizwa kwa nini simu yake iko hewani usiku.

Jengo la pamoja la mpakani Busia lilizinduliwa 2018, na ndani yake kila kitu kina jina: vitunguu vina msimbo wa forodha, 0703, na mfanyabiashara mdogo mwenye mzigo usiozidi dola 2,000 ana fomu yake rahisi. Mwalimu atapita hapo na somo lake kwenye flashi, mfukoni, bila msimbo. Akiulizwa amebeba nini, jibu la haki ni "ngeli", kisha asogee pembeni awapishe wenye vitunguu.