Ukurasa wa 31

Sinza, Dar es Salaam, usiku wa tarehe 28 Desemba. Kabati la vitabu limesimama sebuleni. Mwenye kabati, ambaye vitabu vinamwita Bwana Mkubwa, amelala. Januari yeye na wenzake watano waliosoma naye chuo walipeana ahadi: kila mmoja vitabu 52 kwa mwaka, kimoja kila wiki, na atakayeshindwa atanunua mbuzi wa mkesha. Mpaka leo Bwana Mkubwa ana 43. Kabla ya kulala alisimama mbele ya kabati, akawa anapima unene wa vitabu kwa vidole kama fundi nguo anayechagua kitambaa. Taa ilipozimwa, kikao kikaanza.

KAMUSI: Kikao kimefunguliwa. Ajenda ni moja: siku tatu, vitabu tisa. Nani amepimwa?

NAGONA: Mimi. Kanibana kwa kidole gumba na cha shahada, kacheka peke yake. Kasema, "Huyu naye wa kwenye foleni tu." Tangu nitoke mwaka 1990 sijapata kudharauliwa namna hii.

KAMUSI: Una kurasa ngapi?

NAGONA: Mia sifikishi. Lakini wapo wasomi walioandika tasnifu nene kukupita wewe, samahani Mwenyekiti, wakijaribu kueleza nina maana gani, na hadi leo hawajaelewana.

ROSA MISTIKA: Mdogo wangu, baba yetu Kezilahabi alikuzaa mwembamba kusudi. Mwache aingie. Mtakutana huko huko ndani.

NAGONA: Alishaingia, dada, mwezi wa tatu. Alifika ukurasa wa tano, akarudi wa kwanza, akalitazama jalada kama mtu aliyepanda daladala isiyo yake. Akashuka. Kesho yake akaniandika kwenye orodha, namba 11.

KAMUSI: Kwamba amekusoma?

NAGONA: Na nyota tano juu.

SIMU (kutoka kwenye chaja): Mimi ndiye niliyeutuma ujumbe wenyewe. "Kazi nzito, inafikirisha sana." Wenzake wakajibu kwa vikaragosi vya moto na makofi. Hakuna aliyeuliza inafikirisha nini. Anayeuliza leo, kesho ataulizwa yeye.

VUTA N'KUVUTE: Miye nina yangu. Katika hao sita yupo mmoja alitazama filamu yangu, ile aliyoiongoza Amil Shivji, ya mwaka 2021. Akaniandika. Mwenzake akamuuliza, "Kitabu chenyewe kinaishaje?" Akajibu, "Yanapita majina ya waigizaji."

(Kicheko rafu nzima. Kitabu kimoja kinaanguka ubavu.)

SIMU: Chekeni, lakini msimwonee. Kujiwekea lengo si dhambi, na si yeye aliyeanza. Kwenye Goodreads watu wamekuwa wakitangaza kila Januari watasoma vitabu vingapi tangu mwaka 2011. Na mimi nilikuwa mfukoni mwake Februari. Kusadikika, hebu sema ukweli wako.

KUSADIKIKA: Ukweli nitausema, hata kama unamsaidia mshtakiwa. Alinisoma. Alikuwa ndani ya daladala anatoka kazini, akafika pale Karama anapojitetea mbele ya mfalme, basi Sinza ikampita. Alishtuka konda anaita Mwenge. Usiku akampigia rafiki yake na kumwambia kuwa Karama ni mjinga, angenyamaza zake. Rafiki akamwambia, "Mjinga wewe." Wakabishana mpaka salio likakata. Shaaban Robert alinitoa mwaka 1951, na usiku ule nilijiona nimechapwa jana.

KAMUSI: Sasa kiliharibika nini?

SIMU: Machi. Mmoja wao alituma picha ya rundo: vitabu 20 vimekwisha. Tangu siku ile hakuna aliyepiga simu. Kubishana kunakula muda, na muda ule mtu anamaliza kitabu kizima. Wakaanza kuulizana ngapi, si nini. Wawili wakahamia vitabu vya kusikiliza, wakaongeza kasi mara mbili. Msimulizi akawa kama dalali wa mnada.

ROSA MISTIKA: Mimi nilitoka mwaka 1971, wakubwa wakanipiga marufuku shuleni. Hakuna aliyejiwekea lengo la kunisoma. Hakuna aliyeahidiwa mbuzi. Na sikuwahi kukosa msomaji! Ningekuwa mshauri wa hawa sita, ningewaambia mwakani wakatazane.

(Sauti inatoka rafu ya chini kabisa, kavu kama mchanga.)

MCHWA: Mwenyekiti, naomba nafasi.

KAMUSI: Nani amemwita huyu?

MCHWA: Hanialiki mtu, ila kwenye vitabu nipo siku zote. Nimewasikiliza. Bwana Mkubwa ana 43. Mimi nina 61, na sijaruka ukurasa. Nimemaliza dibaji. Nimemaliza faharasa. Nimemaliza ripoti ya warsha ambayo hata aliyeiandika hakuirudia. Kama kusoma ni kuingia jalada la mbele na kutokea la nyuma, bila kubaki na kitu kichwani, mbuzi ni wangu.

NAGONA: Lakini wewe unaharibu!

MCHWA: Na yeye je? Tulipopita wote wawili, wewe umebaki na nini? Mwenyekiti, wewe ndiye mwenye maneno. Tupe maana ya "kusoma", tumalize ubishi.

KAMUSI: Mimi natoa maana, sitoi hukumu. Halafu nina donda langu. Nimetoka mwaka 1981, nimefunguliwa humu ndani kuliko nyote, na sijaingia orodha ya mtu hata siku moja, kwa kuwa hakuna anayenimaliza.

MZIMU WA WATU WA KALE: Basi njoo tukae pamoja, mwanangu.

WOTE: Shikamoo babu.

MZIMU WA WATU WA KALE: Marahaba. Nimezaliwa 1960, na hali yangu mnaiona. Jalada langu lilibaki Tanga kwa mtu aliyeniazima wiki moja akakaa nami miaka miwili. Ukurasa wangu wa kwanza uko Morogoro. Nimepita mikono mingi sana, na kila mkono uliniazima kwa mwingine kwa kusema, "Soma, halafu uniambie muuaji nani." Sina namba kwa mtu yeyote. Lakini sikuamka kwa hayo. Nimeamka kwa sababu humu kabatini mna siri, na Bwana Msa wangu asingelala na siri.

KAMUSI: Siri gani, babu?

MZIMU WA WATU WA KALE: Wewe, Vuta N'kuvute. Bwana Mkubwa alikusoma mpaka wapi?

VUTA N'KUVUTE: Ukurasa wa 31. Akachomeka risiti ya LUKU, akenda kujibu simu. Tangu Aprili hajarudi.

MZIMU WA WATU WA KALE: Tangu Aprili. Jirani zako wa kulia na kushoto wana vumbi la kuandikia jina. Wewe huna. Mgongo wako umelegea mpaka mwisho, si mpaka 31. Risiti ilichomekwa maandishi yakitazama mlangoni. Leo yanatazama ukutani. Na ukurasa wako wa mwisho una alama ya kidole, ya manjano. Ningekuwa na kiko ningekiwasha hapa. Hiyo ni bizari. Bwana Mkubwa hajapata kushika bizari tangu azaliwe.

(Kimya.)

VUTA N'KUVUTE: Babu, nimeapa.

MZIMU WA WATU WA KALE: Wewe umeapa, Mwenyekiti hakuapa. Kamusi, nani anakufungua usiku?

KAMUSI: Hiyo ni siri ya ofisi. (Anakohoa.) Saa tano, taa ya jikoni. Maneno ya pwani hasa. Kwao ni Singida, na hadithi ni ya Unguja, kwa hiyo kila baada ya kurasa mbili tatu tunaonana. Ana kidaftari. Anaandika neno, maana yake, na mtu aliyelitamka kitabuni.

ROSA MISTIKA: Dada wa jikoni?

VUTA N'KUVUTE: Ndiye huyo. Mara mbili, wallahi. Mara ya kwanza alitaka kujua Yasmin atatokaje katika ndoa ile ya mzee waliyomtilia. Mara ya pili alishajua, akataka kusikia tena. Siku moja alinifunga kwa hasira, akanigeuza kifudifudi, akaosha masufuria yote, kisha akarudi kuomba radhi. Na kila akimaliza usiku wake, risiti huirudisha ukurasa wa 31.

SIMU: Kwa nini?

VUTA N'KUVUTE: Bwana Mkubwa asije akajua kwamba yupo aliyempita.

(Simu inatoa mwanga kidogo, kisha inajizima yenyewe.)

KAMUSI: Simu, yumo kwenye grupu?

SIMU: Hayumo. Namba yake nimeihifadhi kwa jina la "Dada Gesi", ya kumpigia gesi ikiisha.

MCHWA: Na huyo mbuzi atakayenunuliwa?

SIMU: Atampika yeye.

(Hata Mchwa anakosa la kusema. Anarudi chini.)

KAMUSI: Tufunge. Naandika azimio. Kwanza, Bwana Mkubwa akiamua mwakani kusoma 52, heri. Akiamua vitatu, heri vilevile. Lakini kila kitabu kimtoke mdomoni kwa mtu mwingine kabla hakijaingia kwenye orodha. Pili, vitabu navyo vina lengo: kila mmoja wetu aazimwe angalau mara moja, hata kama jalada litabaki Tanga. Tatu, babu, muuaji ni nani?

MZIMU WA WATU WA KALE: Soma.

Alfajiri Bwana Mkubwa aliamka, akamtoa Vuta N'kuvute, akampiga picha karibu na kikombe cha kahawa, akamrudisha. Simu ikatuma ujumbe: "Namba 44. Riwaya ya kihistoria, lazima uisome kabla hujafa." Kufikia jioni ya tarehe 31, wote sita walikuwa wametangaza 52. Mshindwa hakuwepo, ikabidi wachange kila mtu chake ndipo mbuzi apatikane. Walikula hadi usiku mkubwa, wakazungumzia mpira na bei ya viwanja, kisha mmoja akapendekeza mwakani wafanye 60. Wote wakakubali.

Walipoondoka, Dada aliosha vyombo, akafuta mikono kwa khanga, akaenda kabatini. Alimchukua Nagona. Alisoma mpaka ukurasa wa tano, akakunja uso, akarudi wa kwanza. Kisha akavuta kigoda, akamchukua na Kamusi, akaanza upya.

Risiti ya LUKU iko ukurasa wa 31.